Granada, Hispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaokwenda kutembea

Mara ya kwanza niliiona Granada kwa saa sita. Basi la watalii lilitutoa Málaga alfajiri, likatumwaga mlangoni pa Alhambra, makasri ya masultani wa zamani, na jua linazama tulikuwa tumesharudi ufukweni. Nikawa nawaambia watu kwamba Granada nimeiona. Sikuwa nimeiona. Nimekwenda tena mara tatu tangu hapo, mara moja na mama na watoto, na sasa kila ndugu anayepanga likizo ya Hispania hunitumia maswali yaleyale. Majibu ni haya, kwa mpangilio wanaoniuliza, ambao si mpangilio mzuri sana.

Kwa nini Granada? Kwa nini si Barcelona au Madrid?

Ukitaka bahari na mpira, nenda Barcelona na wala sitakuzuia. Granada ni mji mdogo chini ya milima yenye theluji, na uzuri wake hauonekani kwa kupita na gari.

Ila kwa msomaji wa Kiswahili ipo sababu nyingine. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja, Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Karibu mwaka 1350 mtu huyohuyo alikuwa Granada. Sultani wa huko, Yusuf wa Kwanza, alikuwa mgonjwa hakuweza kumpokea, lakini mama yake sultani alimpelekea mgeni dinari za dhahabu. Huko Granada ndiko alikokutana na kijana Ibn Juzayy, ambaye baadaye ndiye aliyeiandika safari yote aliyosimuliwa, Kilwa ikiwemo. Kwa hiyo Husuni Kubwa, kasri la sultani wa Kilwa, na Alhambra ni za rika moja. Kilwa tumebakiwa na kuta zilizoanguka na lile bwawa la pembe nane linalotazama bahari. Granada kuta zimesimama na maji bado yanatiririka. Mimi nilipoona bwawa la kwanza pale Alhambra, nilielewa Kilwa ilitaka kuwa nini.

Nina siku moja tu. Inatosha?

Haitoshi, lakini kama ndiyo uliyo nayo, asubuhi Alhambra, alasiri ukashuke kwa miguu hadi mto Darro, jioni upande mtaa wa Albaicín. Mengine yaache. Ukiweza kulala usiku mmoja, lala. Ukiweza usiku mbili, huo ndio ushauri wangu wa kweli, kwa sababu wageni wa mabasi huondoka jioni na mji hurudi kwa wenyewe.

Alhambra ni nini hasa? Msikiti, ngome au kasri?

Ni mji mzima wa kifalme ndani ya ukuta, juu ya kilima. Jina linatokana na Kiarabu, al-Hamra, yaani nyekundu, kwa rangi ya udongo wa kuta zake. Muhammad wa Kwanza, aliyeanzisha ukoo wa Wanasri, aliingia Granada mwaka 1238 akaanza kujenga. Yeye ndiye aliyeleta maji: mfereji wa kama kilomita 6 unaoyachota mto Darro huko juu na kuyafikisha kilimani, maana bila maji kilima kile ni jiwe tu. Makasri yenyewe tunayoyapigia picha ni ya karne iliyofuata, ya Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano.

Kuna sehemu nne za kukumbuka. Alcazaba ni ngome ya askari, ya zamani kuliko zote. Makasri ya Wanasri ni roho ya mahali pale. Generalife ni bustani na nyumba ya mapumziko ya masultani, ng'ambo kidogo ya ukuta. Na katikati lipo kasri la Mfalme Carlos wa Tano, lililoanzwa mwaka 1527: kwa nje mraba mzito wa mawe, kwa ndani uwanja wa duara kamili. Wengi hulilaumu kwa kukaa pale kama ng'ombe sebuleni. Mimi nalipenda, hasa nikikumbuka kwamba mfalme mwenyewe hakuwahi kukaa ndani yake na paa lilikuja kumalizwa karne ya 20.

Tiketi zinapatikanaje, na kwa nini kila mtu anazililia?

Kwa sababu idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia Makasri ya Wanasri ina kikomo kila nusu saa, na dunia nzima inataka kuingia. Nunua kwenye tovuti rasmi ya Patronato de la Alhambra y Generalife, na nunua kabla ya kulipia hoteli. Ndiyo, kabla. Hoteli zipo tele, tiketi hazipo. Msimu wa kuchipua maua na majira ya joto, tiketi huisha wiki nyingi mapema. Tiketi kamili ya mchana ni kama euro 20 hivi.

Mwaka mmoja nilivivia nikanunua kwa dalali wa mtandaoni, karibu mara mbili ya bei. Nilipofika nikagundua nilichouziwa ni tiketi ya bustani na ngome tu, makasri hayamo. Kosa nusu lilikuwa langu, sikusoma maandishi madogo. Kwa hiyo soma: kama haikutajwa "Palacios Nazaríes", yaani Makasri ya Wanasri, huingii pale ulipokuja kuingia.

Tiketi ina jina lako na namba ya pasipoti. Beba pasipoti yenyewe, na za watoto pia, maana watazitaka zaidi ya mara moja.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya nini?

Ni ya kuingia Makasri ya Wanasri, na hawacheki na mtu. Ukichelewa umeikosa. Na kutoka lango kuu upande wa Generalife hadi mlango wa makasri ni mwendo wa robo saa au zaidi, kwa hiyo usifike langoni dakika tano kabla.

Hapa niongeze onyo ambalo hutalikuta kwenye kitabu chochote cha watalii. Mpwa wangu aliyekulia Ulaya aliandika kwenye kundi la WhatsApp la familia: "Tukutane saa 10 mlangoni." Alikuwa na maana ya 10:00, saa nne asubuhi. Mjomba, mtu wa Tanga, aliyekuwa amefikia Málaga, akasoma saa kumi. Tulipompigia saa nne kasorobo alikuwa bado hotelini anakunywa chai, akasema, "Mbona mna haraka, si saa kumi?" Makasri hajayaona mpaka leo. Mkiandikiana, andikeni "asubuhi" au "alasiri" mmalize.

Tiketi zimekwisha na nimeshakata ndege. Nifanyeje?

Usikate tamaa. Kwanza, endelea kufungua tovuti rasmi, hasa usiku na alfajiri, maana tiketi zilizorudishwa huonekana tena. Pili, kuna kadi ya mji, Granada Card, ambayo ndani yake imo nafasi ya Alhambra pamoja na majengo mengine na mabasi. Mara nyingine ipo hata tiketi za kawaida zikiwa hazipo. Tatu, kuna ziara za usiku. Makasri usiku, na taa chache, ni kitu kingine kabisa.

Zikikosekana zote, panda hata hivyo. Ukipitia lango la Puerta de la Justicia unaingia bila tiketi hadi kwenye kasri la Carlos wa Tano na barabara ya ndani, Calle Real. Utakuwa umeugusa ukuta.

Nikiwa ndani, nisikose nini?

Watu wengi hutembea na simu usoni wakatoka. Mimi ningesema: inua macho, kisha yashushe kwenye maji, kisha usogee ukutani usome.

Ukutani, kwa maana zile nakshi ni maandishi. Maneno "Wa la ghaliba illa Allah", hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, yamerudiwa mara zisizohesabika, juu ya milango, katikati ya maua, kwenye vichwa vya nguzo. Yeyote aliyepita chuo akiwa mtoto atayasoma papo hapo, wakati mtalii wa pembeni yake anaona mapambo tu. Mama yangu alisimama ukumbini akisoma kwa sauti ya chini, na Wajapani wawili wakamzunguka wakidhani ni mwongozaji.

Inua macho kwenye Salón de Embajadores, ukumbi wa kiti cha enzi, ambako dari la mbao limepangwa nyota juu ya nyota kwa mfano wa mbingu saba. Na kwenye Sala de las Dos Hermanas, ambako dari linaning'inia kama masega ya nyuki, vipande zaidi ya 5,000. Ukiuliza ni jiwe gani, utacheka: ni jasi. Kasri linalostaajabisha ulimwengu limetengenezwa kwa jasi, mbao, vigae na maji. Marumaru ni kidogo, kwenye nguzo na sakafu.

Maji: bwawa la Patio de los Arrayanes limetulia kama kioo ili mnara uonekane mara mbili. Uwanja wa Simba, simba 12 wa marumaru wamebeba birika mgongoni na maji yanatoka vinywani mwao. Pembezoni mwa birika limechongwa shairi la Ibn Zamrak, aliyekuwa mshairi na waziri kwa wakati mmoja. Anasifia maji yanayotiririka hata yakafanana na marumaru, usijue kipi kati ya viwili ndicho kinachotembea. Mswahili anayejua kuchonga beti ataelewa kwamba jamaa alikuwa anajionyesha.

Waongozaji watakuonyesha doa jekundu kwenye birika la Sala de los Abencerrajes na kusema ni damu ya ukoo uliochinjwa pale. Ni kutu. Lakini wasikilize, wanasimulia vizuri.

Malizia Generalife, bila haraka. Pale kuna ngazi ambazo mikono yake ni mifereji ya maji. Watoto wangu walishuka na kupanda mara nne wakiwa wametia vidole ndani.

Ilikuwaje Waislamu wakaondoka?

Tarehe 2 Januari 1492 sultani wa mwisho, Abu Abdillah, ambaye Wahispania humwita Boabdil, alikabidhi funguo kwa Malkia Isabel na Mfalme Fernando. Mwaka huohuo, Aprili, palepale Santa Fe nje ya mji, Kolumbasi alitiliwa saini mkataba wa safari yake. Mkataba wa Granada uliwaahidi Waislamu dini yao na misikiti yao. Haikupita miaka kumi wakalazimishwa kubatizwa, na kuanzia 1609 wazao wao wakafukuzwa Hispania kabisa.

Kwenye njia ya kwenda baharini kuna kipito cha mlimani kinachoitwa Suspiro del Moro, mahali inaposemwa Boabdil aligeuka akatazama mji, akalia, na mama yake akamwambia alie kama mwanamke kwa alichoshindwa kukitetea kama mwanaume. Ni hadithi tu. Na ni hadithi ya washindi, nadhani imeshaeleweka.

Kila tarehe 2 Januari bado kuna sherehe, na kuna wakazi wanaoipinga. Siku hiyo wasichana ambao hawajaolewa hupanda mnara wa Torre de la Vela kupiga kengele, eti wapate mume kabla mwaka haujaisha. Foleni ni ndefu.

Naweza kuswali wapi?

Si Alhambra, pale ni makumbusho. Msikiti mkuu wa Granada upo Albaicín, jirani na uwanja wa San Nicolás. Ulifunguliwa Julai 2003, na ndio msikiti wa kwanza kujengwa mjini tangu 1492. Una bustani ndogo inayotazama Alhambra, ambayo hata wasio Waislamu hukaribishwa kwa saa maalumu. Siri yangu ni hii: pale San Nicolás jua linapozama hapana pa kutia mguu, wapiga gitaa, wauza hereni, vijana na chupa zao. Hatua thelathini kutoka hapo, bustanini pa msikiti, kuna mandhari ileile na utulivu.

Albaicín kuna nini zaidi ya mandhari?

Kuna Albaicín yenyewe. Ni mtaa wa kale ulioachwa na Waislamu, uliongezwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1994, miaka kumi baada ya Alhambra. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe au Lamu hatapotea, au atapotea kwa raha. Nyumba zimegeuzia mgongo njia, uzuri wote uko ndani. Nyumba yenye bustani iliyozungukwa na ukuta huitwa carmen, kutoka Kiarabu karm, shamba la mizabibu. Utaona visima vya kale vya matofali, aljibes, kwenye kona za mitaa. Njia zimetandikwa kokoto nyeusi na nyeupe zilizopangwa maua, nzuri kwa macho na mbaya kwa visigino. Usijaribu kuburuta sanduku la magurudumu juu yake.

Ukishuka, pitia Carrera del Darro, njia nyembamba kando ya mto. Pale kuna Bañuelo, hamamu ya kale kuliko Alhambra, yenye dari lililotobolewa nyota ambazo mwanga unapenya. Juu kidogo ya mtaa kuna Dar al-Horra, nyumba inayohusishwa na Aisha, mama yake Boabdil, yule wa hadithi. "Dar" hiyo ni ileile ya Dar es Salaam.

Katikati ya mji, kanisa kuu na Capilla Real, niingie vyote?

Ukiwa na muda wa kimoja, ingia Capilla Real, kanisa dogo la kifalme. Hapo ndipo walipozikwa Isabel na Fernando, waliochagua kulala katika mji walioushinda. Juu kuna kaburi la marumaru la kifahari. Teremka ngazi, utaona majeneza ya risasi meusi, ya kawaida kabisa, pamoja na ya binti yao Juana, mumewe Felipe na mjukuu mdogo Miguel. Tofauti ya juu na chini inatosha. Taji la malkia na upanga wa mfalme vimo kwenye chumba cha kando.

Kanisa kuu limejengwa mahali palipokuwa na msikiti mkuu wa zamani, kuanzia 1523 hadi 1704. Ndani ni jeupe na refu mno.

Mkabala na Capilla Real kuna mlango ambao tisa kati ya kumi wanaupita: Madraza, chuo alichokifungua Sultani Yusuf mwaka 1349. Sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha Granada. Nje ni jengo la zama za baadaye, lakini ndani umebaki msala mdogo wenye mihirabu yenye rangi zake. Na dakika tano kutoka hapo ni Corral del Carbón, nyumba ya kufikia wafanyabiashara na mizigo yao, ya karne ya 14, ghorofa tatu kuzunguka uwanja wenye kisima. Kuingia ni bure. Enzi zake, wanyama na bidhaa chini, wageni juu, na bei zikipangwa uwanjani.

Alcaicería, soko la hariri la zamani, liliungua mwaka 1843. Hilo la sasa ni la kuigiza, na bidhaa zake nyingi zimetoka mbali. Pita, tabasamu, endelea.

Flamenco, ile ngoma ya Kihispania, ya mapangoni Sacromonte ni ya kweli au ya watalii?

Vyote viwili. Sacromonte ni kilima cha mapango yaliyochimbwa yakawa nyumba, ambako Wagitano, yaani Waroma wa Hispania, walikaa kwa karne nyingi na ngoma yao ya harusi, zambra, ikazaliwa. Mafuriko ya 1963 yaliwahamisha wengi. Leo mapango kadhaa yana maonyesho kila usiku. Utakaa kwenye kiti cha mbao karibu mno na mchezaji kiasi cha kuogopa kupigwa na sketi. Onyesho nililoliona lilianza kwa ulegevu, nikaanza kujutia hela yangu. Kisha mama mtu mzima aliyekuwa ameketi pembeni akapiga makofi akainuka. Sina la kueleza zaidi.

Ukitaka kujua maisha yalivyokuwa bila ngoma, nenda mchana kwenye makumbusho ya mapango.

Chakula je? Na nguruwe?

Granada imebaki na desturi ambayo miji mingi ya Hispania imeiacha: ukiagiza kinywaji, unaletewa sahani ndogo ya chakula, tapa, bila kulipia. Si lazima pombe, hata soda au maji ya zabibu yasiyochachuka, mosto. Vinywaji vitatu, sehemu tatu, umeshakula.

Tatizo ni kwamba hukuchagua tapa, na nguruwe yuko kila mahali, mpaka kwenye maharage. Jifunze maneno mawili: "sin cerdo", bila nguruwe. Na jihadhari na jamón, tocino, chorizo na manteca, hiyo ya mwisho ni mafuta ya nguruwe na huingia hata kwenye biskuti za sikukuu. Salama na tamu: biringani za kukaanga zilizomwagiwa asali ya muwa, samaki wa kukaanga, na remojón, saladi ya machungwa na samaki chewa. Kwa nyama halali panda Calderería, kichochoro cha nyumba za chai na mikahawa ya Wamoroko.

Chakula cha usiku huanza saa tatu. Ukienda mkahawani saa kumi na mbili jioni utakuta viti vimegeuzwa juu ya meza.

Nina wazee na watoto. Watapanda vile vilima?

Kuna mabasi madogo mekundu, ukubwa wa vipanya vyetu lakini hayajazi kupita kiasi. C30 na C32 hupanda Alhambra kutoka Plaza Isabel la Católica, C31 huzunguka Albaicín, C34 huenda Sacromonte. Ndani ya Alhambra kutembea ni kwingi, saa tatu si kitu. Mama mwenye goti lake tulimpa mapumziko mawili marefu bustanini, akayafurahia kuliko makasri.

Niende msimu gani?

Aprili, Mei, au mwisho wa Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 na mji hulala mchana. Baridi ya Januari si mchezo, mji uko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, usiku hukaribia sifuri, lakini foleni ni fupi na milima nyuma ya Alhambra ni myeupe kabisa.

Visa na safari?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji visa ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Ombeni mapema, tarehe za miadi ndizo zinazochelewesha. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen haombi tena. Aliye Uingereza na pasipoti ya kwetu anaomba.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu haipo. Wengi huunganisha hadi Madrid au Málaga. Kutoka Madrid kuna treni ya kasi, saa tatu na nusu hivi. Kutoka Málaga ni basi, chini ya saa mbili, na njia nzima ni mizeituni.

Lugha nitaiwezaje?

Unaijua kuliko unavyodhani. Kihispania kilikaa na Kiarabu karne nane, nasi tumekaa nacho zaidi, kwa hiyo tumeokota kwenye kapu moja. Azúcar ni sukari. Aceituna ni zaituni. Fulano ni fulani, maana ileile. Hasta ni hata, na watu wa zamani wanaosema "hata asubuhi" wanalitumia kama Mhispania. Arroba, kipimo cha zamani, ni robo. Alcalde, meya wa mji, ni kadhi aliyebadilishiwa kazi. Rehén ni mateka, ndugu wa rehani. Na bibi wa Kigranada akitaka jambo litokee atasema "ojalá", ambalo limetoka kwa kumtaja Mungu kwa Kiarabu.

Na granada yenyewe ni komamanga. Utaliona kila mahali, kwenye vigae vya majina ya mitaa, kwenye mifuniko ya mifereji, kwenye nguzo za barabarani.

Kuna usalama?

Upo. Wachomozi wa mifuko wapo kwenye mabasi yaliyojaa kama kwingineko. Kitu cha pekee ni akina mama wanaosimama karibu na kanisa kuu na vijiti vya rozmari. Wanakutia kijiti mkononi kwa tabasamu, wanakusoma kiganja, kisha wanataka euro kumi. Weka mikono mifukoni, sema "no, gracias", usisimame.

Zawadi gani ninunue?

Visanduku vya taracea, mbao zilizopachikwa mfupa na mbao za rangi kwa nakshi. Tafuta karakana ambamo fundi anaonekana akifanya kazi. Au sahani za Fajalauza, udongo uliopakwa buluu na kijani na komamanga katikati. Kwa wenye jino tamu, piononos za Santa Fe, keki za kukunja zenye krimu iliyounguzwa juu, ila hazivumilii safari ndefu. Zangu zilifika Frankfurt zikiwa uji.

Na nje ya mji?

Sierra Nevada iko kama kilomita 30 kwa barabara. Kilele chake, Mulhacén, kina mita 3,479 na ndicho kirefu kuliko vyote katika rasi ile. Jina ni la Mulay Hasan, baba yake Boabdil. Aliyepanda Kilimanjaro hatatishika, lakini theluji ni nyingi zaidi na watu wanaiteleza hadi Aprili.

Upande wa pili, saa moja kushuka, ni pwani ya Motril na Almuñécar, ambako wanalima maembe, maparachichi na chirimoya, nduguye topetope. Nilipoikuta sokoni nilinunua kilo mbili nikala nimesimama.

Nimebakiwa na saa mbili kabla ya basi. Niende wapi?

Usitafute jengo jingine. Nenda Paseo de los Tristes, uwanja mdogo kando ya Darro ambako zamani misafara ya maziko ilipita kwenda makaburini, ndiyo maana ukaitwa njia ya wenye huzuni. Agiza mosto, subiri sahani yako. Alhambra iko juu ya kichwa chako kabisa, na mto unasikika. Basi dogo la kurudi katikati ya mji linapita hapohapo, lakini anza kulisubiri mapema, maana jioni huja limejaa.